Je, Wajua? Vyuma vitatu vinatosha kujifunza kufungua kufuli bila ufunguo

Seti ya vipande thelathini huvutia macho, lakini anayeanza burudani hii hapa Kericho au Bomet atatumia vitatu tu: ndoano fupi, chuma chenye mawimbi, na kikazio, yaani ubapa uliopindwa unaoisukuma silinda izunguke. Kikazio ndicho muhimu kuliko vyote, na ndicho wengi hukipuuza. Ukikaza mno, pini zilizo ndani ya kufuli hukwama. Ukilegeza, zile ulizokwisha kuinua husukumwa chini na springi.

Tafuta vyuma vyenye unene wa milimita 0.6 hivi, kingo zikiwa zimepigwa msasa. Kwenye mashamba ya chai mvua hunyesha karibu mwaka mzima, kwa hiyo chuma kisichoshika kutu kinafaa zaidi.

Ustadi huu una historia. Mwaka 1851 Mmarekani A. C. Hobbs alifungua kufuli maarufu ya Bramah jijini London. Ilimchukua saa 51, zilizogawanywa katika siku 16.

Jambo zito ni sheria. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamtia hatiani anayekutwa nje ya makazi yake na kifaa cha kutumika katika wizi, na kifaa kilichoundwa kwa kazi hiyo chaweza kuwa ushahidi dhidi yake. Basi usivibebe vyuma hivi mfukoni ukienda sokoni Litein au steji ya Bomet. Nunua kufuli yako, jifunzie nyumbani, na usiguse iliyo mlangoni, hata ikiwa mlango ni wako: pini ikiharibika, utalala nje.