Uzee Kando ya Mto: Matunzo ya Wazee Vijijini Tshopo

Katika vijiji vinavyoizunguka Kisangani, nchini Kongo, mzee hutunzwa na ua mzima. Walokele wa kingo za mto chini ya mji, Wambole wa ng'ambo ya kusini, Wakumu wa misitu ya mashariki na Wagenia wa maporomoko ya Boyoma wanatofautiana kwa lugha na kwa mengi mengine, lakini katika hili wanakaribiana: aliyeishiwa nguvu hubaki pale alipozeeka. Mgeni anayefika asione nyumba ya wazee huhukumu upesi kwamba ni umaskini tu. Umaskini upo, na serikali iko mbali kweli. Lakini hata penye nyumba ya namna hiyo mjini, mzee wa kijijini aghalabu huikataa, na sababu zake huanzia kwenye desturi kabla hazijafika kwenye fedha.

Wa kwanza katika kumtunza ni mjukuu. Bibi akianza kusahau moto jikoni, au babu akiwa hawezi tena kuteremka mtoni peke yake, mtoto mmoja wa ukoo hupelekwa kulala naye. Huyo huchota maji, huokota kuni, huwasha moto alfajiri, na usiku husikia kikohozi kabla ya mtu mwingine yeyote. Baina yao kuna utani ambao mzazi hana ruhusa nao. Bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake na kumlalamikia kwamba hajamletea samaki. Mtoto naye humjibu kwamba mke asiye na meno hawezi kumaliza samaki. Wote wawili hucheka. Kicheko hicho ni sehemu ya matunzo kama ilivyo dawa, na hakuna mwajiriwa anayeweza kukileta kazini asubuhi.

Chakula nacho kina adabu yake. Lituma, yaani ndizi zilizochemshwa na kutwangwa, hutwangwa mara ya pili kwa ajili ya koko, kama wengi wanavyomwita babu au bibi, mpaka donge liwe laini kabisa. Sombe yake, yaani majani ya muhogo, huachwa motoni zaidi. Samaki hutolewa miiba kwa vidole, na anayeitoa hukaa karibu mpaka sahani iishe. Kwa Wagenia, wanaotega madema yao ya kusukwa kwenye miti iliyosimikwa katikati ya maji makali, mahali pa kutegea ni mali ya ukoo. Kwa hiyo mvuvi aliyezeeka hapokei samaki kama sadaka. Anakula kutoka mahali pale pale alipotega yeye na baba yake.

Jambo zito kuliko yote, na ambalo wageni huliuliza mara chache, ni kuogeshwa. Kati ya wakwe kuna heshima ya kujitenga: mkwe wa kike hamwoni baba mkwe akiwa hana nguo, na mkwe wa kiume hakai kitanda kimoja na mama mkwe. Hivyo mzee mwanamume huogeshwa na mwanawe wa kiume, ndugu yake au mjukuu; mzee mwanamke huogeshwa na binti yake au dada yake. Mke wa mwana hupasha maji, huyaweka nyuma ya ua, kisha huondoka bila kugeuka. Mzee anapoambiwa kuhusu nyumba ya mjini ambako msichana asiyemjua atamvua nguo, anachokisikia ni kwamba atavunjiwa heshima yake ya mwisho. Kumweleza kwamba msichana huyo amesomea kazi hiyo hakumtulizi hata kidogo.

Ugonjwa ndipo desturi inapoelemewa. Maumivu ya viungo na homa nyepesi hutibiwa kwa mizizi na majani. Yakizidi, mzee hupakiwa kwenye mtumbwi, na akishafika mjini hubebwa kwa toleka, baiskeli ya abiria iliyo maarufu Kisangani. Hospitalini ndugu humfuata, kwani ndiye anayepika, kufua na kulala kando ya kitanda chake. Yaani hata ndani ya kuta za mji, ua umemfuata. Watu wa mto walikwisha kuona njia nyingine: kuanzia miaka ya 1920, daktari Clement Chesterman wa misheni ya Yakusu, chini kidogo ya Kisangani, alifundisha wauguzi wenyeji na kusambaza zahanati vijijini, ili tiba imfuate mgonjwa. Kwa wazee, mfano huo ungefaa mpaka leo kuliko jengo lolote kubwa mjini.

Sheria inasema machache. Kifungu cha 49 cha Katiba ya mwaka 2006 kinampa mzee haki ya ulinzi maalumu, na Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inawadai watoto kuwalisha wazazi wao wenye shida. Kuhusu tuhuma za uchawi, ambazo huwatoa baadhi ya wazee majumbani mwao, neno moja latosha: ni ukatili, na hakuna desturi inayouhalalisha. Wazee hao, pamoja na wasio na mtoto, ndio wanaohitaji kweli nyumba za wazee zinazoendeshwa na masista. Hata wao wangepumua zaidi kama nyumba hizo zingekuwa katika vijiji vya jirani, wakisikia lugha yao.

Ua nao huvunjwa na vita: tangu 2023, mapigano ya Wambole na majirani zao Walengola yamewavusha mto wengi kutoka upande wa Lubunga na Ubundu kuingia mjini. Vijana hupata vibarua. Mzee huketi barazani kwa watu wengine, bila mto wala kaburi la kutazama, na ua uliokuwa ukimtunza umetawanyika katika kata tano au sita.

Makaburi ndiyo sababu ya mwisho ya mzee kuikataa nyumba ya mjini. Kwa Walokele, ngoma ya mti ilitangaza kifo kwa kulitaja jina la ngoma la marehemu likifuatana na la baba yake, na vijiji vya kando ya mto vilipokezana habari. Aliyefia mbali alifia nje ya mlio huo. Leo simu imechukua kazi ya ngoma, lakini matanga bado hukaliwa pale marehemu alipoishi, na kusafirisha maiti kwa mtumbwi hadi kijijini huwagharimu ndugu kuliko walivyokuwa wakitumia kumlisha. Anayefia kwake huzikwa karibu na wazazi wake. Matanga yakiisha, mjukuu aliyelala naye huulizwa na wakubwa vitu vya marehemu viliwekwa wapi, kwa kuwa ndiye anayejua.