Kabla hujaling'oa gugu hilo, uliza jina lake

Mvua ya masika inaponyesha, mimea huchipuka kila pembe ya mji: kando ya ua, nyuma ya jikoni, kwenye viwanja visivyojengwa na hata penye nyufa za saruji. Je, wewe msomaji uishiye mjini huifanyaje mimea hiyo? Aghalabu humtuma kijana aing'oe yote na kuitupa jaani, kisha ukampa pesa kijana yuyo huyo aende sokoni kukununulia kabichi.

Hapana shaka ua husafishika. Lakini huenda katika furushi lile lililotupwa jaani mlikuwemo mchicha, mnavu na mgagani, yaani kitoweo ambacho kimewalea wazee wetu tangu jadi.

Pengine unazijua mboga hizi kwa majina ya nyumbani kwenu. Mchicha ni terere kwa Wakikuyu na ododo kwa Wajaluo. Mnavu ni managu kwa Wakikuyu, osuga kwa Wajaluo na rinagu kwa Wakisii. Mgagani ndio chinsaga ya Wakisii, ambao humpa mama aliyejifungua ili apate nguvu. Wajaluo huuita dek au akeyo. Kule Pwani, Wamijikenda hula mtsunga, mboga chungu ambayo huchanganywa na mboga nyingine na kuungwa kwa tui la nazi. Na thabai, mmea uwashao vikali ukiugusa, Wakikuyu huuchemsha na kuuponda pamoja na mukimo, kwani moto huumaliza mwasho wote.

Baadhi ya mboga hizi sasa hupandwa mashambani, na tangu miaka ya mwisho ya 1990 zimekuwa zikiuzwa hata katika maduka makubwa jijini Nairobi. Hata hivyo, zingali zinamea zenyewe bila kupandwa na mtu.

Zina faida gani mwilini?

Hebu tulinganishe. Gramu 100 za majani mabichi ya mchicha huwa na takriban miligramu 215 za kalsiamu, madini yanayojenga mifupa na meno. Kabichi ya uzito huo huo huwa na kama miligramu 40 tu. Madini ya chuma, ambayo husaidia kutengeneza damu, ni kama miligramu 2 katika mchicha, ilhali katika kabichi hayafiki hata miligramu 1. Mchicha pia una vitamini A nyingi, inayolinda macho, ambayo katika kabichi ni haba mno.

Hatusemi kwamba uiache kabichi, wala hatuidharau sukuma wiki, ambayo nayo ni mboga nzuri. Tusemalo ni kwamba familia inayokula mboga moja tu kutoka Jumatatu hadi Jumapili hujinyima mengi, na huku dawa ya upungufu huo yamea mlangoni.

Kwa nini basi tuliziacha? Sababu kubwa ni dharau. Wengi wetu tulilelewa tukiamini kwamba mboga ya kuchumwa ni chakula cha maskini au cha wakati wa njaa, na kwamba mtu aliyestaarabika hula vya kununua. Mwaka 2007 wanasayansi wa Kenya pamoja na jamii husika walianza juhudi za kuvihifadhi vyakula vya asili, wakiwemo Waisukha wa Kakamega na Wapokot. Kazi hiyo ilihusu pia kuorodhesha mimea ipatayo 850 pamoja na majina yake ya kienyeji. Mwaka 2021 shirika la Umoja wa Mataifa la UNESCO liliitambua kuwa mfano mwema wa kuhifadhi urithi. Naye Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ambaye amezitafiti mboga za kienyeji kwa miaka mingi, alipata tuzo ya wanasayansi wanawake ya Umoja wa Afrika mwaka 2010. Kwa hivyo usione haya kumwandalia mgeni managu.

Tahadhari kabla ya kuchuma

Hata hivyo, msomaji, usikimbilie kuchuma kila jani bichi ulionalo. Kuna mambo mawili ambayo ni lazima uyazingatie.

La kwanza ni kuujua mmea wenyewe. Penye mchicha na mnavu, hasa karibu na majaa, humea pia mranaha, ule mmea wenye maua marefu mfano wa tarumbeta na matunda yenye miiba. Huo ni sumu, majani hata mbegu. Mwaka 2019 katika eneo la Karamoja, nchini Uganda, watu kadhaa walifariki baada ya kula unga wa msaada uliokuwa umechanganyika na mbegu zake. Mimea ikiwa michanga, bado haijatoa ua wala tunda, mtu asiyeizoea huweza kuikosea kwa urahisi. Mnavu nao, licha ya kuwa mboga nzuri, matunda yake mabichi ya kijani yana sumu. Chuma majani tu. Ukiwa na shaka hata kidogo, usile.

La pili ni mahali ulipomea. Mboga iliyoota kando ya mtaro wa maji machafu au chini ya bomba la kiwanda isiletwe jikoni. Hata kando ya barabara kuu si pazuri. Ingawa petroli yenye madini ya risasi iliachwa kutumiwa mwanzoni mwa mwaka 2006, madini hayo hukaa udongoni miaka mingi, na mboga za majani huweza kuyafyonza. Kuziosha hakutoshi kuyaondoa yaliyokwisha kuingia ndani ya jani. Ni heri upande mwenyewe: chukua gunia au karai kuukuu, jaza udongo safi na samadi iliyooza vyema, unyunyize mbegu za mchicha. Katika muda wa wiki nne hivi utaanza kuchuma.

Namna ya kupika

Osha majani kabla ya kuyakatakata, wala si baada ya kuyakata, ili virutubisho visipotee majini. Yapike kwa muda mfupi. Tumia mafuta kidogo, kwani husaidia mwili kuipokea vitamini A. Magadi hulainisha mboga upesi, lakini huharibu vitamini. Yakitumiwa, yawe kidogo sana. Mgagani, ambao ni mchungu, hupoa uchungu ukitiwa maziwa au malai na kuachwa hadi kesho yake. Kamulia limau mezani ili mwili uyapate vyema madini ya chuma, na chai ya kuteremshia chakula iahirishwe kwa saa moja hivi, maana huyazuia madini hayo yasiingie mwilini.

Yote haya wazee wetu wengi waliyajua bila kuyasoma popote. Walijua jani lipi huliwa changa, lipi huchanganywa na lipi, na lipi haliguswi kamwe. Mmea wenyewe hautakwisha leo wala kesho. Kinachokwisha ni ujuzi wa kuutambua, kwa sababu kila mzee anayetuaga huondoka na majina ambayo hakuna aliyemwuliza.

Kwa hivyo, mwanafunzi unayesoma makala haya, utakapokwenda mashambani likizoni chukua daftari. Mwombe nyanya akutembeze shambani. Kila mboga atakayokuonyesha, weka jani lake kati ya kurasa na uandike jina, mahali lilipomea, namna linavyopikwa na mmea linaofanana nao. Nanyi wazazi, mwanzie na mboga moja tu mnayoijua barabara, ipikwe nyumbani angalau mara moja kwa wiki, na watoto waambiwe jina lake inapopakuliwa. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na utumwa wa kununua kila jani ni ghali.