Kushuka Mlima Uzeeni: Sayansi ya Goti na Mteremko

Mzee aliyekulia kwenye milima ya Umatengo anajua kwamba kupanda humaliza pumzi na kushuka humaliza magoti. Kijana hajalionja hilo. Kwake mteremko ni mapumziko: anakimbia, anaruka vijifereji, anafika chini akicheka. Mtu wa miaka 65 akiushuka mteremko uleule hutafuta pa kukanyaga kila hatua, na akifika bondeni mapaja yanamtetemeka ingawa hakuhema. Ndani ya mwili kunatokea nini? Jibu lina habari njema kwa wazee kuliko wengi wanavyodhani.

Mkoani Ruvuma swali hilo ni la kila siku. Milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, inapanda hadi karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali uso wa Ziwa Nyasa uko chini ya mita 500. Anayetoka kwenye migongo ya milima kwenda Mbamba Bay, kando ya ziwa, anashuka zaidi ya kilomita nzima kwa kimo.

Mzigo wa safari hiyo unabebwa hasa na msuli wa mbele wa paja. Ukipanda, msuli huo hukaza huku ukifupika, unausukuma mwili juu. Ukishuka, hukaza huku ukivutwa na kurefuka, ili goti lisikunjike ghafla ukaanguka. Ni kazi mbili tofauti, na gharama zake ni tofauti. Mwaka 1952 wanasayansi watatu wa London, Bernard Abbott, Brenda Bigland na Murdoch Ritchie, waliunganisha baiskeli mbili kwa mnyororo, zikapeana mgongo. Mmoja alikanyaga pedali kwenda mbele, mwenzake akawa anazizuia zisimzidi. Nguvu zao zililingana, lakini aliyezuia alitumia oksijeni kidogo sana kuliko aliyesukuma. Mwanamke mwenye umbo dogo aliweza kumzuia mwanaume mkubwa bila kuhangaika.

Ndiyo maana moyo wa mzee hautaabiki sana kwenye mteremko. Msuli ndio unaolipa. Unapokaza huku ukirefuka, nyuzi chache tu hubeba uzito mkubwa, na baadhi huchanika kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Maumivu hayaji palepale. Huanza kesho yake, yakazidi siku ya pili au ya tatu, kiasi kwamba hata kukaa kwenye kigoda ni kazi. Wengi hapo husema uzee umefika. Lakini huo si uzee, kwa kuwa hata mwanariadha wa miaka 20 akishuka mlima asiouzoea atachechemea vilevile. Tena msuli ulioumia hivyo ukipona hujijenga upya kwa namna ambayo safari inayofuata haiuumizi kama ile ya kwanza, na kinga hiyo hudumu kwa majuma kadhaa. Anayeshuka mara kwa mara haumwi kama anayeshuka mara moja kwa mwaka kwenda kwenye msiba.

Umri nao unachukua chake, na hilo tusilifiche. Misuli hupungua, na kasi yake ya kuitikia hupungua zaidi, hivyo anayejikwaa huchelewa kujiwahi. Macho yenye mtoto wa jicho hayapimi vizuri kina cha ngazi au shimo. Gegedu la goti husagika, na kwa kuwa halina mishipa ya damu, halitengenezeki kwa urahisi. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo mimi naliona la kufurahisha kuliko yote: kati ya nguvu za msuli, ile ya kuzuia wakati wa kushuka ndiyo inayodumu zaidi uzeeni. Nguvu ya kusukuma hutangulia kuondoka.

Huko Austria, kwenye milima ya Alps, watafiti walitumia magari ya kebo kutenganisha kupanda na kushuka. Watu wazima wasio na mazoea ya mazoezi walipanda kwa miguu na kurudi kwa gari kwa miezi miwili, na kwa miezi mingine miwili wakapanda kwa gari na kushuka kwa miguu. Kushuka kuliusaidia mwili kuitumia sukari vizuri zaidi, kupanda kukapunguza zaidi mafuta kwenye damu, na yote mawili yakapunguza lehemu mbaya. Huko Salzburg, nchini humohumo, watu waliopita miaka 60 waliongozwa na walimu kuteleza kwa skii kwenye theluji kwa majuma 12, na mapaja yao yakapata nguvu. Skii nayo ni kazi ya kujizuia kwenye mteremko.

Umatengo hakuna theluji, lakini mteremko upo, na magari ya kupandia yapo. Tangu barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay iwekwe lami, yapata kilomita 66, basi na bodaboda vimerahisisha safari ya ziwani. Mzee anaweza kupandishwa kwa bodaboda hadi mgongo wa kilima cha jirani, akashuka taratibu kwa miguu. Asubuhi isiyo na ukungu, yapo maeneo ambako ziwa huonekana limelala chini, buluu tupu. Kushuka ukiliangalia, ukipiga soga na wenzako wa rika, ni starehe isiyodai kiingilio.

Wanawake wa Kimatengo hawahitaji kufundishwa habari hii. Kilimo cha ngolo, yale mashimo yanayochimbwa kwenye miteremko mikali ili maji ya mvua yasiondoke na udongo, kimewafanya bibi wengi wapite maisha yao yote juu ya matuta membamba kati ya shimo na shimo, jembe mkononi. Hayo ni mazoezi ya mapaja na ya mizani kwa pamoja.

Anayetaka kuanza aanze na mteremko mfupi, si mkali, mara mbili au tatu kwa juma. Hatua ziwe fupi, magoti yakunjwe kidogo, viatu viwe na meno. Achukue fimbo mbili, kila mkono moja: vipimo vimeonyesha kwamba wakati wa kushuka fimbo mbili hupunguza mzigo wa goti kwa hadi takribani robo. Baada ya mvua udongo wa huku huteleza, basi asubiri ukauke. Goti linalovimba au kukwama lipelekwe kwa daktari kwanza.

Nanyi watoto na wajukuu, acheni kuwaambia wazee wakae tu barazani kwa sababu mnawapenda. Paja lisilotumika hudhoofu upesi, na anayekaa kwa kuogopa kuanguka ndiye atakayeanguka akielekea chooni. Mchongeeni babu fimbo zake, mshikeni bibi mkono penye utelezi, mshuke nao kwa mwendo wao.