Mtoto wa SS: yanayotokea ndani ya damu na ndani ya mfupa

(Muziki wa kufungua. Unashuka polepole.)

MTANGAZAJI: Tunakutangazia kutoka Gisenyi, hapa Rubavu, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Goma. Kama uko kituo cha Nkamira unangoja kuhamishwa, au umeshafika Mahama, Kiziba, Kigeme, Nyabiheke ama Mugombwa, kipindi hiki ni chako. Na wewe unayewasomea wenzako nakala hii iliyochapwa, soma polepole. Mtu akiuliza, simama kwanza.

Leo tunazungumza juu ya ugonjwa ambao Wakongomani wengi wanauita SS. Wanaosema Kifaransa huuita drepanositozi, Watanzania wanasema selimundu, na Kenya utasikia sikoseli. Ni kitu kimoja. Ni ugonjwa wa damu ambao mtu anazaliwa nao. Hauambukizwi kwa kula pamoja, wala kwa kulala shitingi moja.

Mara nyingi unaanza hivi. Mtoto amezaliwa mzima, ananyonya, anacheka. Anapofika miezi sita au saba, wakati mwingine akikaribia mwaka, mikono na miguu inavimba ghafla. Vidole vinakuwa vinene, hataki kushikwa, analia usiku kucha. Hakuanguka, hakuumwa na mdudu. Hapo maneno yanaanza: kuna jirani alimtazama vibaya, mama alivunja mwiko, ukoo wa mama una kitu. Wengine wanamwita mtu mwenye wembe amchanje mtoto pale palipovimba.

Usimchanje. Tutaeleza kwa nini, lakini kwanza tujue kwa nini ugonjwa ulingoja miezi sita.

Ndani ya mifupa yetu mna uboho, ule ute laini ambao Watanzania wanauita pia uloto. Uboho ndio kiwanda cha damu. Kila siku unatengeneza chembe nyekundu mpya, na kila chembe ina kazi ya kubeba hewa kutoka mapafuni kwenda mwilini kote. Kinachoibeba hewa hiyo ni kitu kinachoitwa himoglobini. Mtoto akiwa tumboni, mwili wake hutengeneza himoglobini ya namna moja, tuiite damu ya tumboni. Akishazaliwa, mwili unaiacha ile ya kwanza kidogo kidogo na kutengeneza ya mtu mzima. Mabadiliko hayo yanachukua miezi kadhaa.

Mtoto wa SS ana kasoro katika himoglobini ya mtu mzima peke yake. Ile ya tumboni ni nzuri kabisa. Ndiyo maana miezi ya kwanza anakuwa kama watoto wengine. Damu ya tumboni inapopungua, ile yenye kasoro inabaki na kazi yote, na vidole vinavimba. Hakuna aliyemroga mwezi huo. Shika jambo hili la damu ya tumboni, maana dawa tutakayoitaja mbele inafanya kazi kwa kulirudia.

Sasa kasoro yenyewe. Chembe nyekundu ya kawaida ni laini na ya mviringo, inapita hata kwenye mishipa myembamba kuliko unywele. Chembe ya SS ikikosa hewa ya kutosha, au mwili ukikosa maji, au ukipigwa na baridi au homa, inakakamaa na kujikunja kama mundu. Ndiyo asili ya jina selimundu. Mundu hizo hukwama kwenye mishipa midogo, damu haipiti, na sehemu ile ya mfupa inalia kwa kukosa hewa. Ukichanja pale unafungua mlango wa vijidudu kwenye mfupa ambao tayari umekosa damu. Ukioza ndani, matibabu yake ni ya wiki nyingi.

Jambo la pili ni kwamba chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, na ya SS huishi siku 10 mpaka 20. Kiwanda kinakimbizana na hasara. Uboho unafanya kazi mchana na usiku na haufikii. Kwa hiyo mtoto ana damu chache siku zote, macho yana manjano, anachoka mapema. Kituo cha afya kinampa asidi foliki kwa sababu hiyo, ni malighafi ya kiwanda. Vidonge vya chuma ni habari nyingine. Usimpe bila kuulizwa na muganga, kwa maana chuma cha chembe zilizovunjika kinabaki mwilini mwake.

(Muziki mfupi.)

Ugonjwa unatoka wapi? Unatoka kwa baba na kwa mama, wote wawili. Akina baba, sikilizeni vizuri hapa. Kila mmoja wetu ana mafungu mawili ya himoglobini, moja la baba na moja la mama. Mwenye fungu moja lenye kasoro anaitwa AS. Haugui, na wengi wanazeeka bila kujua. AS akioana na AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto wa SS. Nimesema kila mimba. Si kwamba ukizaa wanne, mmoja ataugua na watatu wamekingwa. Kila mimba bahati inaanza upya. Kuna nyumba zenye watoto watano wazima, na kuna nyumba ambayo wawili wa kwanza wote ni SS. Mwanaume anayemfukuza mkewe kwa kuwa "amezaa SS" anasahau kwamba fungu la pili limetoka kwake.

Na kwa nini sisi, watu wa huku? Kwa sababu ya malaria. Mwenye AS hauawi na malaria kwa urahisi akiwa mtoto, kwa hiyo mahali penye mbu wengi watu wa AS walibaki na kuongezeka vizazi kwa vizazi. Jambo hili lilielezwa mwaka 1954 na Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Miaka mitano kabla yake, watafiti waliopima damu za Waamba wa Bwamba, chini ya milima ya Rwenzori upande wa Uganda, walikuta zaidi ya watu 4 katika kila 10 wana fungu la kasoro. Kwenye nyanda za juu zenye baridi na mbu wachache, wenye fungu hilo ni wachache. Kwa hiyo unaweza kuwa umetoka kwenye kijiji cha mlimani ambako neno SS halijulikani, ukaolewa na mtu wa bondeni au wa upande wa msitu, na mtoto wenu akawa wa kwanza kuugua katika ukoo wako. Vita na kukimbia vimechanganya watu wa juu na wa chini kuliko zamani.

Lakini hapa watu wanakosea sana. Kinga hiyo ni ya AS. Mtoto wa SS hana kinga. Malaria ikimpata inamwangusha haraka kuliko mtoto mwingine, kwa sababu damu yake tayari ni chache.

Nani apimwe? Mtoto aliyevimba mikono na miguu, anayepungukiwa damu mara kwa mara, mwenye macho ya manjano, au ambaye ndugu yake alikufa akiwa mdogo kwa "kukosa damu". Kipimo kinataka matone machache tu. Kuna cha haraka, na kuna kinachofanyika hospitalini. Mwombe muuguzi akuandikie kwenda kupimwa.

Akishajulikana, mambo mengi yanayomlinda ni ya kawaida mpaka watu wanayadharau. Penisilini ya kila siku mpaka afikishe miaka mitano, kwa sababu bandama, kiungo cha kushoto chini ya mbavu kinachochuja vijidudu, kwa watoto hawa hakifanyi kazi vizuri. Chanjo zote, hasa ile ya numokoki. Chandarua. Na maji, maji mengi, kila saa.

Najua foleni ya maji ilivyo kambini. Lakini kama kuna dumu la kugawa, huyu apate kwanza. Tena atakojoa kitandani, hata akiwa na miaka kumi. Figo zake haziwezi kubana maji kama zako. Usimchape, na usimnyime maji jioni ili godoro libaki kavu. Mwalimu pia aambiwe: mtoto huyu akiomba kutoka nje, aruhusiwe, na asisimamishwe kwenye mvua au jua kali.

Mama, jifunze kumpapasa tumbo upande wa kushoto akiwa mzima, ujue kawaida yake. Siku ukikuta bandama imevimba ghafla, naye amepauka na amelegea, kimbia. Damu imejikusanya humo na saa chache zinatosha kumpoteza. Kimbia vilevile akiwa na homa ya 38.5 au zaidi, akipumua kwa shida na kifua kinauma, mdomo ukienda upande au mkono ukikosa nguvu, au mvulana uume ukisimama kwa saa nyingi na unauma. Hata kama ni usiku, msingoje asubuhi.

(Muziki mfupi.)

Tuje kwenye damu ya kuongezewa. Upande wa Kongo wengi wenu mliambiwa mtafute ndugu wa kutoa damu, au mlipe. Hapa Rwanda damu inatolewa na watu wa kujitolea bila malipo, inapimwa, kisha inagawiwa hospitalini. Tangu mwaka 2016 nyingine inabebwa na ndege ndogo zisizo na rubani kutoka Muhanga na kudondoshwa kwa mwavuli. Ukiona kisanduku kinashuka kutoka juu, si silaha. Lakini usikasirike daktari akisema leo haongezi. Mtoto wa SS anazoea kuishi na damu chache, na kuongeza kila mara kunaujaza mwili chuma.

Sasa ile dawa. Inaitwa haidroksiyurea. Inauzindua uboho utengeneze tena damu ya tumboni, ile nzuri ya miezi ya kwanza, na ile ikichanganyika humo mundu zinapungua. Kwa muda mrefu watu waliogopa kuwapa watoto wa Afrika, wakihofia itawazidishia malaria. Wakafanya utafiti Kinshasa, Kilifi ya Kenya, Mbale ya Uganda na Luanda, kwa watoto 606 wa mwaka mmoja hadi kumi. Matokeo yalitoka mwishoni mwa mwaka 2018. Vipindi vya maumivu vilipungua zaidi ya nusu, malaria nayo ikapungua karibu nusu, na vifo vikapungua. Inamezwa kila siku, na damu inapimwa kila baada ya muda kwa kuwa inaweza kushusha chembe nyeupe. Mwenye mimba asiitumie bila daktari. Haipo katika kila kituo cha afya, kwa hiyo uliza: "Je, mtoto wangu anaweza kupewa rufaa kwa ajili ya haidroksiyurea?" Litaje jina lake. Ukisema tu "ile dawa ya SS" unaweza kurudishwa na paracetamol.

Kupona kabisa kupo, ni kubadilishiwa uboho. Uboho wa mgonjwa unaondolewa kwa dawa kali, kisha anawekewa wa mtu mwingine anayelingana naye, hasa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Kila ndugu wa namna hiyo ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana. Tanzania imeanza kuwafanyia watoto wa selimundu katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu mwaka 2023. Mwaka huohuo Marekani iliruhusu tiba ya kurekebisha chembe za uboho wa mgonjwa mwenyewe, kwa bei ya zaidi ya dola milioni mbili. Nayataja haya ili mtu asikudanganye. Tiba hizo hazijafika kambini, na yule anayepita na chupa ya mizizi akisema inabadilisha uboho anataka pesa yako ya chakula.

La mwisho, na kwa ninyi mlio Nkamira ni la leo hii. Nkamira iko juu, kando ya barabara inayopanda kwenda Musanze, na usiku baridi inauma. Kwa mtoto wa SS baridi hiyo ni hatari: soksi, kofia, blanketi la ziada, na asioge maji baridi. Mahama iko mashariki, Kirehe, karibu na Tanzania. Kuna joto, na kuna mbu. Hatari inabadilika njiani. Kabla ya kuhamishwa mnapimwa kama mko sawa kusafiri. Siku hiyo usiseme "hajambo" ili usibaki nyuma ya wenzako. Sema: "Huyu ni SS," au "Namshuku ni SS." Omba barua yenye dawa zake na kipimo cha mwisho cha damu, uiweke kwenye nailoni, uibebe mkononi, isiingie kwenye mizigo ya juu ya gari. Basi linavuka nchi nzima, karibu siku nzima, kwa hiyo beba chupa ya maji yake peke yake na umnyweshe njiani hata kama hataki. Ukifika, kituo cha afya kiende kabla ya kwenda kupanga vyombo, uombe chandarua siku ileile.

(Muziki wa kufunga.)