Kitabu kilichompita mtoto wa Busia

Mwaka 1996 shirika la Kiholanzi la ICS liligawa vitabu vya kiada katika shule 25 za msingi za Busia na Teso, upande wa Kenya wa mpaka na Uganda. Shule hizo zilichaguliwa kwa bahati nasibu kutoka miongoni mwa 100, ili wachumi Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin wapime kama kitabu kinampandisha mtoto alama. Nani angekuwa na shaka, madarasa yakigawana vitabu vichache namna ile? Matokeo yalipotoka, wastani wa alama haukusogea. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari wanaongoza darasani.

Mwalimu wa mpakani hahitaji mchumi kumweleza sababu. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza. Mtoto wa Amagoro analelewa kwa Kiteso, wa Funyula kwa Kisamia, na Kiswahili anakiokota sokoni na kwenye foleni ya malori pale Malaba. Kiingereza kinamjia cha tatu. Tazama mtoto wa mama mboga anayemsaidia mama yake Jumamosi: anapokea noti ya Uganda, anapiga hesabu kichwani, anarudisha chenji ya Kenya bila kukosea hata shilingi. Jumatatu mtoto huyo huyo anapewa swali la hesabu la sentensi tatu za Kiingereza na anabaki kuitazama karatasi. Hesabu anaijua. Kilichomshinda ni kusoma swali. Tunapomwita mzito tunamwonea.

Naitaja habari hii kwa sababu mengi ambayo dunia inayajua leo kuhusu kumsaidia mwanafunzi yaligunduliwa Busia, kupitia watoto wetu, na ni haki yetu kuyatumia. Kremer alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa sababu ya majaribio ya aina hii.

Jaribio lililojulikana zaidi ni la minyoo. Kuanzia mwaka 1998, Kremer na Edward Miguel walifuatilia shule 75 za Budalang'i na Funyula zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Watoto 92 katika kila 100 waliopimwa mwanzoni walikuwa na minyoo ya aina moja au nyingine. Minyoo ya safura huingia kupitia ngozi ya mguu usio na kiatu, kwenye udongo ulio karibu na choo au mahali watu wanapojisaidia, kisha hukaa tumboni ikinyonya damu. Mtoto hapigi kelele wala hatapiki. Anachoka tu. Saa nne asubuhi amelaza kichwa juu ya dawati, na mwalimu anadhani ni uvivu. Karibu na ziwa kuna kichocho pia, ambacho dawa yake ni tofauti na ya safura na inataka mtoto awe ameshakula.

Shule zilipopewa dawa za minyoo, utoro ulipungua kwa robo. Hata watoto ambao hawakuimeza walinufaika, kwa kuwa udongo wanaoukanyaga wote ulipungukiwa na mayai ya minyoo. Alama za mtihani hazikupanda, na hilo lisemwe wazi. Mwaka 2015 wataalamu wa London School of Hygiene and Tropical Medicine walirudia hesabu hizo na wakapinga sehemu ya matokeo, na mjadala haujaisha. Lakini ufuatiliaji wa miaka 20, uliochapishwa 2021, uliwakuta waliotangulia kupata dawa wakilipwa kwa saa asilimia 13 zaidi ya wenzao. Kidonge chenyewe ni cha bei ndogo sana. Siku ya dawa ikitangazwa shuleni, mtoto asibakizwe nyumbani kuchunga ng'ombe.

Halafu kuna tuzo za wasichana, zilizoanza mwaka 2001. Wasichana wa darasa la sita waliokuwa miongoni mwa asilimia 15 bora waliahidiwa, kwa miaka miwili, shilingi 500 za karo na shilingi 1,000 kwa familia, na kutajwa mbele ya wazazi kwenye hafla. Busia alama zilipanda, walimu wakaanza kuonekana kazini zaidi, na hata wavulana ambao hawakuahidiwa kitu walijitahidi. Upande wa Teso mambo yalikwenda vingine. Juni mwaka huo radi iliua wanafunzi saba katika shule moja, shule ambayo hata haikuwa kwenye mpango. Hofu ikaenea, wazazi wakaanza kuwashuku waliokuja na tuzo, na shule kadhaa zikajitoa. Siwalaumu. Mgeni anayeleta pesa bila kueleweka vizuri, kisha msiba ukafuata, atatazamwa hivyo popote.

Ng'ambo ya pili ya mpaka, Tororo nchini Uganda, elimu ya msingi bila karo ilianza mwaka 1997 kwa watoto wanne wa kila familia. Pigo kubwa lilikuja baadaye: Uganda ilifunga shule Machi 2020 kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kwa wote hadi tarehe 10 Januari 2022. Mtoto wa madarasa ya chini aliwaona wenzake wa Kenya wakienda na sare zao tangu Januari 2021, yeye akibaki kuuza ndizi au kupitisha mizigo kwenye njia za panya. Wengine hawakurudi.

Kwa waliorudi, na kwa wa pande zote mbili, nyumbani bado pana kazi ambayo hata mzazi asiyejua kusoma anaiweza. Jioni mwambie mtoto asome kwa sauti, kisha akusimulie alichosoma kwa lugha ya nyumbani, iwe Kiteso, Kisamia au Kidhopadhola. Akisimulia vizuri, ameelewa. Akikwama leo na kesho na kesho kutwa, nenda ukamwone mwalimu mapema, kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula.