Je, Wajua? Ganzi ya Mguu, Ganzi ya Moyo

Ukila embe bichi, meno hupata ganzi. Maana hiyo imo hata katika Biblia ya Kiswahili: Yeremia 31 na Ezekieli 18 zinataja meno ya watoto yaliyotiwa ganzi kwa sababu ya zabibu kali walizokula baba zao. Hapo tayari neno la mdomoni linazungumzia dhambi na urithi.

Hospitalini, sindano ya ganzi huzuia mishipa ya fahamu kupeleka maumivu kwenye ubongo, nawe ukiwa macho. Nusu kaputi ni jambo jingine: hiyo hulaza.

Ganzi ya kuogopwa ni ile isiyoondoka. Baka lililopauka, lisilowasha wala kuhisi mguso wa pamba, laweza kuwa dalili ya ukoma. Mkulima asiyehisi jembe likimchubua hupata kidonda, na kidonda hula kidole. Dawa ipo na ni bure, kwa miezi 6 au 12. Tafadhali, usisubiri!

Kisha kuna ganzi isiyopimwa kwa pamba, ganzi ya moyo. Wilaya ya Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania, ina kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996 kwa Wakongo. Kambi ya Nduta, katika wilaya ya Kibondo mkoani humo, ilifunguliwa upya 2015 kwa Warundi. Mkimbizi aliyeona nduguze wakiuawa anaweza kusema, bila chozi, "nimekufa ganzi." Muuguzi mwema hakimbilii kupima miguu. Huuliza kwanza: ganzi iko wapi, na ilianza baada ya nini?