Chuma au Alumini: Bloku ya Gari la Kasi Rubavu

Mjini Gisenyi, wilayani Rubavu, maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, si 100. Ziwa Kivu, lililo kando ya mji, liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kwenda Musanze huanza kwa kupanda mlima. Kwa mwenye gari la kasi, mambo hayo mawili yana uzito katika ubishi wa siku nyingi wa garajini: bloku ya injini iwe ya chuma cha kumimina au ya alumini?

Mashabiki wa mbio wanaujua ubishi huo kwa majina mawili. Mitsubishi Lancer Evolution, tangu ya kwanza ya 1992 hadi ya tisa, ilibeba injini ya 4G63 yenye bloku ya chuma. Subaru Impreza ilikuja na EJ20 ya alumini, silinda zake zimelala. Safari Rally ya Kenya haikumaliza ubishi: Mitsubishi ilishinda 1996, 1998 na 2001, Subaru 1997 na 2000.

Sifa ya alumini ni wepesi. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7 na ushee, ya alumini 2.7. Hata hivyo bloku haipungui kwa kiasi hicho, kwani kuta za alumini hunenepeshwa na ndani huingizwa slivu za chuma. Mitsubishi ilipohamia alumini kwenye Evolution X, injini ilipungua kilo 12.5. Si nyingi, ila zote zilikuwa zikikaa mbele, na dereva wa milimani huzihisi kila kona.

Kasheshe ni joto. Alumini hulipitisha upesi, lakini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Mfuniko wa rejeta ukilegea, shinikizo hutoroka na maji huchemka mapema. Injini ikizidiwa, gasketi huungua na bloku hupinda. 4G63 nayo ina hedi (kichwa cha injini) ya alumini, kwa hiyo haisalimiki. Ila mara nyingi hedi hufunguliwa, ikasawazishwa kwa mashine, bloku ikaendelea na kazi.

Kisha kuna turbo. Hewa ya Gisenyi ina shinikizo la asilimia 85 hivi ya lile la pwani, na injini isiyo na turbo hubakiwa na nguvu za kadiri hiyohiyo. Ndiyo maana wengi hutamani kuongeza msukumo wa turbo. Bloku nyingi za alumini zina uwazi wa maji kuzunguka sehemu ya juu ya silinda; msukumo ukizidi, kuta hutikisika. Kwa gari la kuongezwa nguvu mbali na karakana kubwa, chuma ndicho chaguo la busara. Gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani halina sababu ya kuikimbia alumini.

Mnunuzi wa gari lililotumika la alumini afungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi. Akikuta maji matupu yenye kutu badala ya kulanti, ashushe bei au aondoke.